Sauti, silabi, neno zima au sentensi: uanzie wapi kumfundisha mtu kusoma?

Mwalimu anasema mtoto anajua kusoma, kwa sababu anatamka kila neno lililo mbele yake. Mama wa mtoto huyohuyo anasema hajui: akimaliza ukurasa, ukimuuliza habari inahusu nini, anakutumbulia macho. Wote wawili wamesema kweli. Neno "kusoma" limebebeshwa kazi mbili, na kila mmoja ameitazama moja.

Ubishi mwingi kuhusu mbinu za kufundisha kusoma umejengwa juu ya maneno yanayoteleza namna hiyo. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia nne zinazotumika zaidi, yaani njia ya sauti, ya silabi, ya neno zima na ya sentensi, nitaanza na istilahi chache. Hizo ndizo mizani yetu. Asiyetofautisha herufi na sauti hana namna ya kuchagua kati ya njia ya kwanza na ya pili. Atamfuata tu aliyemshawishi mwisho.

Mizani tutakayotumia

Ya kwanza ni uwazi wa tahajia: je, ukiliona neno unajua linavyotamkwa? Kiswahili kiko wazi sana. Irabu ni 5, na "a" ya "baba" ndiyo "a" ya "karatasi". Kiingereza kimejaa vichochoro. Herufi "ough" zina matamshi tofauti katika "though", "through", "cough" na "rough". Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wa lugha mbalimbali za Ulaya mwishoni mwa mwaka wao wa kwanza wa kusoma. Watoto wa Ufini, Italia na Uhispania walisoma sahihi zaidi ya asilimia 90 ya maneno ya kawaida. Wenzao wa Uskoti, wanaosoma kwa Kiingereza, walipata karibu theluthi moja. Watoto wa Uskoti si wazito wa akili. Mzigo waliotwishwa ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo ushauri wowote wa kufundisha kusoma uliotoka katika Kiingereza uupokee ukijua umetokea wapi.

Hata Kiswahili kina kona zake. Kuna "ng" ya "ngoma" na "ng'" ya "ng'ombe". Kuna "m" ya "mtu", ambayo ni silabi peke yake bila irabu. Na kuna "barabara", ambayo hujui kama ni njia ya magari au ni "sawasawa" mpaka sentensi ikuambie mkazo uuweke wapi.

Ya pili ni utambuzi wa fonimu. Fonimu ni sauti ndogo kabisa inayoweza kubadili maana: "pata" na "bata" zimetengwa na fonimu moja. Si sawa na herufi, maana "ch" ni herufi mbili lakini fonimu moja, na alama au kundi la alama linaloiwakilisha huitwa grafimu. Utambuzi wa fonimu ni kazi ya masikio. Unaweza kuupima gizani, bila kitabu: "Niambie sauti ya kwanza katika 'samaki'." Ukipanda juu kidogo, ukahesabu pamoja na uwezo wa kusikia silabi na vina, mwavuli huo wote huitwa utambuzi wa kifonolojia. (Wengine husema "ufahamu wa fonimu". Mimi nalikwepa, kwa sababu "ufahamu" tumeshaupa kazi ya kuelewa habari iliyosomwa, na mwalimu mpya akikuta neno hilo mara mbili katika ukurasa mmoja kwa maana mbili, atachanganyikiwa kwa haki kabisa.)

Hapa kuna jambo ambalo watu wazima husahau: fonimu haisikiki kirahisi. Mwaka 1974 Isabelle Liberman na wenzake waliwataka watoto wanaozungumza Kiingereza wagonge meza mara moja kwa kila kipande cha neno. Kwa silabi, karibu nusu ya watoto wa miaka 4 waliweza. Kwa fonimu, hakuna hata mmoja. Mwishoni mwa darasa la kwanza walioweza silabi walikuwa asilimia 90, na fonimu asilimia 70. Miaka mitano baadaye José Morais na wenzake waliwapima watu wazima wa Ureno ambao hawakuwahi kusoma, na wakakuta kazi ya kuongeza au kuondoa fonimu moja katika neno ikiwashinda sana, ilhali wenzao waliojifunza kusoma ukubwani waliimudu. Inaelekea ni herufi zenyewe zinazoyafungua masikio. Kumbuka hili tutakapofika kwenye silabi.

Ya tatu ni kusimbua: kuyageuza maandishi kuwa matamshi, hasa neno ambalo hujawahi kuliona. Kipimo chake kizuri ni maneno bandia kama "bukefa" au "lopuga". Anayekariri atakwama, anayesimbua atapita. Uingereza imekuwa ikiwapima hivyo watoto wa mwaka wa kwanza tangu 2012, kwa maneno 40 ambayo nusu yake ni ya kubuni.

Ya nne ni maana. Mwaka 1986 Philip Gough na William Tunmer walitoa maelezo yao mepesi ya usomaji: ufahamu ni kusimbua mara uelewa wa lugha. Waliweka alama ya kuzidisha kwa makusudi, hawakutumia kujumlisha. Sifuri upande mmoja hufuta kila kitu. Asiyesimbua haelewi hata awe mzungumzaji hodari, na anayesimbua lugha asiyoijua haelewi hata atamke kama mtangazaji wa redio. Yule mtoto wa mwanzo anapotumbua macho, upande mmoja wa hesabu yake uko chini sana.

Kati ya kusimbua na maana kuna daraja, nalo ni ufasaha: kusoma kwa usahihi, kwa kasi ya kutosha na kwa kiimbo kinachofuata maana. Anayehangaika na kila silabi anafika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo wake. Ufasaha mara nyingi hupimwa kwa maneno sahihi kwa dakika, na hapo kuna mtego. "Hatukuwaona" ni neno moja, lakini limebeba habari ambayo Kiingereza huigawa katika maneno manne au matano. Viwango vya kasi vya Kiingereza ukivileta kwenye Kiswahili bila marekebisho, utawaita wazito watoto wanaosoma vizuri.

Ya mwisho haina istilahi kubwa: mzigo. Njia inadai nini kwa mwalimu, kwa vitabu na kwa muda?

Njia ya sauti

*Inavyoanza.* Mwanafunzi hupewa sauti ya herufi, kisha hufundishwa kuziunganisha: m, a, m, a, "mama". Kazi ya kinyume, kulivunja neno lisikike sauti mojamoja, humfundisha kuandika. Jina la herufi halitumiki mwanzoni, na kwa sababu nzuri. Aliyeambiwa kwamba herufi hii ni "em" na ile ni "a" akijaribu kuunganisha atapata "ema", na atakuwa amefuata maelekezo yako vilevile ulivyoyatoa.

Herufi hazifuati mpangilio wa a, b, ch, d. Huchaguliwa zinazojenga maneno mapema. Kwa a, i, m, k na t pekee mwanafunzi anasoma "kata", "kiti", "mti", "taka", "kamata" na "tikiti". Wiki ya kwanza haijaisha na tayari ana kitu cha kujivunia.

*Kusimbua na maana.* Kwa kusimbua, hii ndiyo njia yenye ushahidi mwingi zaidi. Jopo la taifa la usomaji la Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2000, lilihitimisha kwamba kufundisha sauti na herufi kwa mpangilio kunawasaidia wanaoanza kuliko kuzidokoadokoa njiani au kutozifundisha. Wanaoipenda njia hii huishia kunukuu hapo. Ripoti hiyohiyo ilitaja nguzo tano: utambuzi wa fonimu, uhusiano wa sauti na herufi, ufasaha, msamiati na ufahamu. Njia ya sauti inashughulikia mbili za kwanza na kuisogelea ya tatu. Msamiati na ufahamu zinahitaji kipindi chake.

*Mzigo.* Mwalimu lazima azisafishe sauti zake mwenyewe kwanza. Vitabu vya mwanzo lazima viwe na herufi zilizokwisha kufundishwa tu, na matini za namna hiyo ni ngumu kuziandika bila kuzifanya za kipuuzi. Mtoto anaweza kukutana na "Kaka, kata mti" mara kumi na asijue ni kwa nini kaka hapumziki.

*Inapokwama.* Konsonanti kama "b", "d", "g", "k", "p" na "t" hazitamkiki pekee; kila ukijaribu, irabu fulani inajipenyeza nyuma. Mwalimu anasema "bu-a-bu-a" na anashangaa kwa nini mtoto hapati "baba". Sauti zinazoweza kuvutwa, kama "m", "s", "f", "n" na "l", zinaunganika kwa urahisi zaidi, ndiyo maana walimu wazoefu huanza na hizo pamoja na irabu.

*Inamfaa nani.* Anayejifunza lugha yenye tahajia ya vichochoro, kwa sababu silabi hazitamtosha. Mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kuunganisha herufi na sauti, ambaye anahitaji kila hatua ifundishwe waziwazi na irudiwe. Na mwalimu anayetaka kujua kila wiki ni herufi gani imeshika na ipi imeponyoka.

Njia ya silabi

*Inavyoanza.* Ba be bi bo bu. Waliosoma kwa Kiswahili wengi wana wimbo huu kichwani. Mwanafunzi hupewa silabi kama kipande kizima, kisha huziunganisha: ba na ta, "bata".

*Uwazi na kusimbua.* Njia hii inategemea mno umbo la lugha, na Kiswahili kimeumbwa kama kwa ajili yake. Silabi nyingi ni wazi, yaani zinaishia na irabu. Konsonanti 10 na irabu 5 zinakupa silabi 50, na kwa silabi 50 unasoma maelfu ya maneno. Kiingereza kina silabi maelfu, nyingi zikifungwa na konsonanti mbili au tatu. Ukitaka kuchora chati yake ukuta hautatosha.

Rudi sasa kwa watoto wa Liberman. Silabi inasikika mapema kuliko fonimu, na hilo historia ya maandishi inalithibitisha. Sequoyah, mtu wa Wacherokee, jamii ya wenyeji wa asili wa Marekani, ambaye hakujua kusoma lugha yoyote, alikamilisha mwaka 1821 mfumo wa kuandika lugha yake kwa alama zipatazo 85, takribani alama moja kwa kila silabi, na watu wake wakaupokea kwa kasi. Hakuna aliyemfundisha fonimu ni nini. Alisikiliza usemi na akasikia silabi.

*Maana.* Kwa sifa yake ya kuimbishwa, njia ya silabi hudhaniwa haina maana ndani yake. Paulo Freire, mwalimu wa Brazil, alionyesha vingine. Mwaka 1963 huko Angicos, kaskazini-mashariki mwa Brazil, wafanyakazi wapatao 300 walifundishwa kusoma katika mradi wa takribani saa 40. Kila kipindi kilianza na picha na mazungumzo kuhusu maisha yao, kisha likaja neno lenye uzito kwao. Mfano maarufu ni "tijolo", yaani tofali. Neno lilikatwa ti-jo-lo, kila kipande kikafunguliwa familia yake, ta te ti to tu, halafu wanafunzi wakaachiwa wajenge maneno mapya kwa vipande vilivyo mezani. Chati ni ileile ya ba be bi bo bu. Kilichobadilika ni kwamba ilitoka ndani ya neno ambalo mtu alilibeba mabegani jana yake. Mapinduzi ya kijeshi ya mwaka uliofuata yaliuzima mpango huo, na Freire akaenda uhamishoni.

*Mzigo.* Mdogo. Ubao, chaki, na mwalimu anayejua kuzuia kuimba.

*Inapokwama.* Kwenye kuimba kwenyewe. Onyesha "bo" peke yake kwa mtoto aliyezoea chati. Kama lazima aanze "ba, be, bi…" mpaka aifikie, amejifunza wimbo, bado hajasoma. Dawa ni kuichanganya chati mapema, kusoma kutoka chini kwenda juu, kubadili irabu ghafla. Kwingine inapokwama ni kwenye maneno yaliyoingia na silabi zilizofungwa, "daktari", "labda", "skrini", pamoja na "m" na "n" zinazosimama pekee katika "mtu" na "nchi". Aliyemeza "ba" kama alama moja isiyogawanyika hana pa kuishika "b" ya "labda". Mapema au baadaye atahitaji kuambiwa kwamba ndani ya "ba" mna vitu viwili, na siku hiyo njia ya silabi inakuwa mlango wa kuingilia njia ya sauti.

*Inamfaa nani.* Anayeanza kusoma Kiswahili au lugha yoyote yenye silabi wazi. Mtu mzima anayetaka kuona matokeo haraka. Darasa lenye vitabu vichache.

Njia ya neno zima

*Inavyoanza.* Neno hutazamwa kama picha. Kadi yenye "mlango" hubandikwa mlangoni, "kiti" kwenye kiti, na mwanafunzi huyashika kwa umbo lake. Njia hii ilitetewa sana Marekani tangu miaka ya 1840, Horace Mann, mwanamageuzi wa elimu, akiwa miongoni mwa waliolalamika kwamba herufi zisizo na maana zinawachosha watoto. Lalamiko lake halikuwa la bure.

*Kusimbua.* Hapa ndipo hesabu inapogoma. Chukua "soma". Kiswahili kitakupa anasoma, walisoma, hatujasoma, tutasomeshwa, asiposoma, nisomee, msomaji, na orodha inaendelea. Kila moja ni picha mpya. Mbaya zaidi, maana nzima ya sentensi inaweza kukaa kwenye kipande kidogo sana: "atamsomea", "atanisomea" na "hatamsomea" vinafanana kwa umbo, na anayetazama umbo tu atamkosesha mtu habari. Lugha yenye maneno mafupi yasiyobadilika sana huivumilia njia hii kwa muda mrefu zaidi. Kiswahili hakiivumilii.

*Maana na mzigo.* Maana ipo tangu siku ya kwanza, na kadi hazina gharama. Lakini akiba ya kumbukumbu hujaa. Nimewahi kukaa na mtoto aliyenisomea kitabu kizima bila kosa. Nilipofunika picha akanyamaza.

*Inamfaa nani.* Inafaa kama kiungo, si kama chakula chenyewe. Jina la mtoto mwenyewe ni neno zima zuri kuanza nalo. Katika Kiingereza, maneno machache yanayokiuka kanuni na yanayojirudia mno, kama "one" na "said", hufundishwa hivi, ingawa hata hapo inasaidia kuonyesha ni herufi gani zinatii na ipi imeasi. Watoto wengi wenye sindromu ya Down wana kumbukumbu ya macho iliyo imara kuliko ya masikio, na kwao maneno mazima mara nyingi ni mlango mzuri wa kuanzia, sauti zikifuata taratibu.

Njia ya sentensi, au ya habari kamili

*Inavyoanza.* Mwanafunzi anasimulia: "Jana mvua ilininyeshea." Mwalimu anaandika maneno yake vilevile, wanayasoma pamoja, kisha wanaivunja sentensi kuwa maneno, na pengine maneno kuwa silabi. Kitabu cha kwanza ni kinywa cha msomaji mwenyewe.

*Maana.* Hakuna njia inayoishinda hapa. Ndiyo inayofundisha vizuri pia dhana za maandishi, mambo ambayo msomaji hodari amesahau kwamba aliwahi kufundishwa: kwamba tunatoka kushoto kwenda kulia, kwamba nafasi nyeupe hutenga maneno, kwamba nukta ni mahali pa kupumua, kwamba kilichosemwa kinaweza kuwekwa na kikakutwa kesho hakijabadilika.

*Kusimbua.* Hapa panahitaji uangalifu. Mwaka 1967 Kenneth Goodman alieleza kusoma kama mchezo wa kubahatisha kwa msaada wa lugha, na kutokana na mawazo hayo wanafunzi wengi wakafundishwa kuangalia picha na kukisia neno. Tafiti zilizofuata, za Keith Stanovich zikiwemo, zilionyesha kinyume: wanaoegemea muktadha ili kutambua neno ni wasomaji dhaifu, kwa sababu hawana njia nyingine. Hodari hulitambua neno lenyewe upesi, na muktadha huutumia kuelewa. Kwa hiyo sentensi ni mahali pazuri pa kuanzia, ila mwalimu asipoivunja, mwanafunzi atabaki na kukariri.

*Mzigo.* Mkubwa kuliko unavyoonekana. Kila mwanafunzi ana sentensi yake. Kwa watu watano ni raha. Kwa darasa la sitini, mwalimu ataishia kuandika sentensi moja ubaoni na wote wataikariri kabla hajageuka.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima mwenye mengi ya kusema, mtoto aliyekwishachukia vitabu, na kikundi kidogo chenye mwalimu anayejua kuitoa sentensi kwenye hadithi na kuifikisha kwenye herufi.

Vipi kuhusu kuchanganya?

Wengi hukimbilia hapa, na mimi pia nafundisha kwa kuchanganya. Lakini "njia mchanganyiko" si jibu mpaka useme kinaanza nini, kinafuata nini, na kwa nini. Freire alichanganya: mazungumzo, neno, silabi, kisha maneno mapya, kwa mpangilio ambao haukubadilika. Mwalimu anayefundisha sauti Jumatatu, kadi Jumanne na hadithi Jumatano bila uzi wa kuviunganisha amewapa wanafunzi lugha tatu tofauti.

Chagua kulingana na hali yako

Darasa kubwa la watoto wanaozungumza Kiswahili na ndio kwanza wanaanza: silabi au sauti, zote mbili zitakufikisha. Ukiwa na vitabu vilivyopangwa herufi kwa herufi, tumia sauti. Ukiwa na ubao tu, tumia silabi, lakini vunja chati kabla haijawa wimbo, na ifikapo "ng'", "mb" na "daktari" shuka hadi kwenye sauti. Vyovyote iwavyo, tenga muda kila siku wa kuwasomea hadithi zilizo juu ya uwezo wao wa kusimbua, maana upande wa pili wa hesabu ya Gough na Tunmer hukua kwa masikio.

Mtoto anayesoma kwa sauti nzuri bila kuelewa: usimrudishe kwenye herufi. Msomee wewe habari hiyohiyo. Akiielewa kwa kusikia, shida ni ufasaha, nguvu zake zinaishia kwenye kutamka. Mpe matini fupi airudie mara tatu au nne mpaka itiririke. Asipoielewa hata kwa kusikia, shida ni msamiati au lugha yenyewe, na dawa yake ni mazungumzo. Katika lugha yenye tahajia wazi kama Kiswahili tatizo hili hujificha kwa urahisi, kwa sababu kusimbua kunakuja mapema na kila mtu anapiga makofi.

Atakayehamia kusoma Kiingereza baadaye: alianza kwa silabi? Sawa, ila mfikishe kwenye fonimu kabla ya safari. Kinachovuka kutoka lugha moja hadi nyingine ni ule ujuzi kwamba alama husimamia sauti, pamoja na sauti nyingi za konsonanti. Irabu hazivuki salama, na mwambie hivyo mapema ili asidhani amesahau kusoma.

Mtu mzima asiyewahi kusoma: sentensi yake au neno lenye uzito kwake, kisha silabi. Usimpime utambuzi wa fonimu siku ya kwanza. Wareno wa Morais wanatuambia atashindwa, na hatakuwa na kosa lolote.

Mtoto wa miaka mitatu au minne nyumbani: hakuna haraka ya njia yoyote kati ya hizi. Michezo ya masikio inatosha. Pigeni makofi kwa silabi za jina lake, tafuteni maneno yanayoanza kama "sasa", badilisheni "paka" iwe "taka" na "shaka". Mwonyeshe jina lake limeandikwa. Msomee, na kidole chako kipite chini ya mstari.

Mtoto aliyefundishwa kwa mpangilio, kwa subira, kwa miezi, na bado herufi na sauti hazishikani: kwanza masikio na macho yapimwe. Yakiwa salama, fikiria disleksia, na tafuta mtaalamu wa elimu maalumu. Wakati unamsubiri, njia ni ya sauti, hatua ndogo zaidi, marudio mengi zaidi, herufi ikichorwa kwa kidole mchangani huku ikitamkwa. Kubadilisha njia kila mwezi kwa kukata tamaa humgharimu kuliko njia yoyote mbovu utakayomchagulia.